Pua ya Mama Zuhura na Chupa za Kahawa

Juzi mmoja wenu, nyie mabinti wa jikoni pale gesti, alinitumia picha kwenye simu. Chupa ya kahawa ya stenlesi imepigwa kwa ndani, nyeusi tii, na chini ameandika, "Bibi, hii tunaitupa au?" Nilikuwa nimejilaza, mgongo ulikuwa unanisumbua tangu asubuhi. Nikavaa miwani, nikaitazama, nikachoka zaidi. Siku ile sikumjibu. Nimeona niwajibu wote kwa pamoja, maana nikianza na mmoja mmoja nitakuwa nimerudi kazini bila mshahara.

Haitupwi. Lishikeni hilo kwanza, mengine yatafuata.

Kwa ambao hamnijui, mimi ndiye Mama Doto. Nilifanya kazi jikoni katika ile gesti na ukumbi wa Alhaji, hapo Kashaulili, tangu mapacha wangu wako shule ya msingi mpaka wao wenyewe wakawa na watoto wa kuwapeleka shule. Sikuwa mpishi wa pilau. Kazi yangu ilikuwa chai na kahawa za mikutano, na zaidi ya hapo ilikuwa kuosha chupa. Watu wa semina wanakunywa jamani. Mtu amekuja kujifunza ufugaji wa nyuki, anajifunza kubonyeza chupa ya kahawa. Wenzangu walikuwa wananitania kwamba mimi ni daktari wa matumbo, nashinda nimeingiza mkono tumboni mwa chupa. Nilicheka nao. Vidole vyangu havikucheka, na leo mkiviona vilivyojikunja mtajua.

Sasa sikilizeni. Ule weusi si uchafu wa siku moja. Kahawa ina mafuta yake, na yale mafuta yanakaa kwenye ukuta wa chupa, kesho yanakuja mengine juu yake, mwisho inakuwa ngozi. Ukimwaga kahawa mpya humo ndani, inakunywa ile ngozi ya zamani na inakuwa chungu, ile ya kuchachia ulimi. Mgeni hatakwambia. Atakunywa nusu, atasukuma kikombe pembeni, ataomba maji.

Mkikutana nayo, msikimbilie stilwaya. Naomba kabisa. Stilwaya inachuna ule ung'aavu wa ndani, na kila mchubuko unakuwa nyumba ya weusi mwingine. Wala msiweke ile dawa ya kung'arishia mashuka meupe. Inaacha harufu ya zahanati, na ukiikutanisha na siki kwenye chupa iliyofungwa utatoa mvuke wa kukukaba koo. Chukueni magadi, haya haya ya kulainishia maharage, yatwangeni yawe unga, kijiko kimoja cha kulia kinatosha chupa kubwa. Mwaga maji yanayochemka, usifunge, iache mpaka maji yapoe yenyewe. Mtaona maji yametoka rangi ya udongo. Kama weusi bado umeng'ang'ania, weka konzi ya mchele mbichi na maji kidogo, funga, tikisa. Mchele unasugua pale mkono usipofika na haukwaruzi. Mpanda hatukosi mchele, hata chenga zinafaa, na ukimaliza wape kuku.

Huo mchele nao una habari yake. Mimi nimezaliwa porini, wazazi wangu walishuka huku na ng'ombe wakitokea usukumani, na mimi nimekulia kwenye vibuyu vya maziwa. Kibuyu mdomo wake mdogo, mkono hauingii, kwa hiyo mayu, yaani mama yangu mzazi, alikuwa anatia changarawe na maji, anatikisa mpaka ndani panalia. Kibuyu kinatoka safi. Basi siku yangu ya kwanza pale gesti nikapewa chupa mpya ya stenlesi, ilikuwa na utando kidogo wa kahawa. Nikaona huu mtihani nimeshaufanya. Nikatoka nje, nikaokota changarawe safi kabisa, nikaziosha, nikatia, nikatikisa kwa bidii zangu zote huku naimba.

Aliyetoka kuuliza ni kelele gani ile alikuwa Mama Zuhura. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wa jikoni. Mama wa mjini hapa hapa, Mwislamu, mwembamba, kanga yake haijawahi kukaa upande. Alichukua chupa mkononi mwangu, akamwaga zile changarawe, akachungulia ndani kwa muda mrefu. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Sibwesa. Akaniuliza kama Sibwesa kuna chupa. Nikamwambia kuna vibuyu. Akatikisa kichwa, akaniambia niingie ndani, nimepigwa na jua. Hakunifukuza. Jioni alinionyesha mchele, na hakuzungumzia changarawe tena isipokuwa siku za harusi, akitaka watu wacheke.

Huyo ndiye aliyenifundisha yote haya. Hamkumkuta nyie, ndiyo maana namsimulia.

Alinifundisha kwamba kizibo ndicho kinachofuga harufu kuliko chupa yenyewe. Kina mpira wa duara, wenyewe wanauita wosha. Huo mpira utoeni, kwa ncha ya kijiko, si kwa kisu. Uosheni peke yake, uanike peke yake. Alinifundisha chupa ilale wazi, imepinduliwa, kizibo pembeni. Chupa inayolala imefungwa inaamka inanuka kikwapa, samahani kwa neno hilo, lakini ndivyo alivyosema. Alinifundisha pia kwamba magadi na siki ukivichanganya vinatoa povu jingi, kwa hiyo usifunge kamwe. Hilo somo mpishi wetu Maganga alilikosa. Alifunga. Kizibo kiliruka kikapiga dari, kikarudi kikamkuta kichwani, na mlio ukasikika mpaka ukumbini, ambako bwana mmoja alikuwa anafundisha usalama kazini. Watu wote walitoka nje wakapanga mstari pale uwanjani, kama alivyokuwa amewaelekeza dakika hiyo hiyo. Alhaji alimpa Maganga siku ya kupumzika. Maganga alidhani ni onyo, kumbe Alhaji alikuwa hawezi kumtazama bila kucheka.

Lakini kitu kikubwa cha Mama Zuhura kilikuwa pua. Kila asubuhi kabla hatujamimina chochote, chupa zote zinapangwa mezani, zimefunuliwa. Anapita moja moja. Anaiinua, anaweka pua mdomoni mwa chupa, anafumba macho, anavuta pumzi. Akisema "imelala vizuri," unamimina. Akisema "irudi," inarudi kwenye karai hata kama wageni wameshakaa. Hakuna aliyebishana naye. Siku moja alirudisha chupa akasema imewekwa tangawizi, wakati aliyeweka tangawizi alikuwa mlinzi, wiki iliyopita, kwa siri, na alishaiosha mara kadhaa. Mlinzi alikiri mwenyewe, akaogopa kidogo.

Nyie mna simu. Mnauliza simu kila kitu, na sisemi ni vibaya, simu inajua hata mambo ya magadi. Ila bado hamnusi. Nimewaona nilipokuja kuwatembelea, mnachungulia tu. Ndani ya chupa kuna giza.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nikiendelea kuzunguka jua litazama.

Masika moja Mama Zuhura alipata mafua makali. Alilala kama wiki mbili, tukampelekea uji, akapona, akarudi kazini amekonda. Tukafurahi. Akaendelea na kazi yake kama kawaida, akipita kwenye meza ya chupa, akifumba macho. Mimi sikuona tofauti yoyote. Mpaka siku moja naingia jikoni kutoka kuanika vitambaa, nakuta maziwa yameungua kwenye sufuria. Harufu ilikuwa imeshafika koridoni. Na yeye amesimama pale pale pembeni ya jiko, ameipa sufuria mgongo, anakunja leso taratibu, ametulia kabisa.

Nilizima jiko. Aligeuka, akaona sufuria, akaniona mimi. Akachukua sufuria akaenda kuiloweka. Nami moyo ukaniambia, huyu mama hasikii harufu.

Kesho yake nilimwangalia vizuri alipopita kwenye chupa. Anainua, anaweka pua, anafumba macho, anavuta pumzi. Imelala vizuri. Imelala vizuri. Na ya tatu haikuwa imelala vizuri, nilikuwa nasikia mwenyewe toka nilipokaa, kizibo chake kilikuwa kimefungwa tangu juzi. Akasema imelala vizuri. Nikajifanya imeniteleza mkononi, nikairudisha kwenye karai.

Mchana nilimfuata nyuma ya stoo. Nikamuuliza tangu lini. Akakaa kwenye kreti la soda, akasema tangu yale mafua. Alikwenda hospitali, wakamwambia asubiri, huenda ikarudi. Alisubiri. Akaniambia hasikii chochote, si kahawa, si moshi, si nywele za mjukuu wake akitoka kuoga. Hilo la mwisho alilisema huku anatazama chini.

Nataka mwelewe hali yake ilivyokuwa. Alikuwa amefiwa na binti yake, na wajukuu wawili walikuwa mikononi mwake, mkubwa ndiyo kwanza ameingia sekondari. Mume hakuwepo tena. Kazi ile ndiyo ilikuwa jembe lake. Na Alhaji alimweka pale kwa sababu ya pua. Alikuwa anawaambia wageni waziwazi, kwamba kahawa ya kwake inapita kwenye pua ya Mama Zuhura kwanza. Mama alijua kabisa likijulikana, kitumbua kimeingia mchanga. Akaniomba nisimwambie mtu. Nikamwambia usijali mama, pua yangu ipo.

Basi tukaanza hivyo. Nilikuwa nawahi kazini kabla ya watu. Nanusa chupa zote, mbovu nazirudisha, nzuri nazipanga. Wenzetu wakifika, yeye anapita na kufumba macho kama zamani, na kila moja imelala vizuri. Hakuna aliyegundua. Nilichoka sana mwaka ule. Kunusa si kazi nzito, ila kumtazama mtu unayemheshimu akijifanya kunusa mbele za watu kila siku inachosha moyo. Na yeye alikuwa amechoka kuliko mimi. Alianza kunyamaza. Hata habari ya changarawe hakuisimulia tena kwenye harusi.

Halafu wakaja watu wa Mwese.

Kule milimani wanalima kahawa, mnajua. Mwaka ule kikundi chao kilikuwa kimempata mnunuzi, bwana mmoja mpole aliyekuja kutoka mbali, na walipanga kukutana naye ukumbini kwetu. Alikuwa ameshaziona punje akaridhika nazo. Kilichobaki alitaka kuinywa, aone inavyotoka kwenye kikombe. Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo, wanamwita Mama Nyamizi. Walikuja mjini siku moja kabla, kwa bodaboda, barabara ile ya kule nyie mnaijua, wamepakwa tope mpaka kope. Walikuwa wameikaanga wenyewe na kuitwanga. Mama Nyamizi alimkabidhi Mama Zuhura ule mfuko kwa mikono miwili. Akamwambia mavuno ya kikundi kizima yako pale, wanategemea Mungu na yeye.

Jioni ile Mama Zuhura aliamua kuiandaa chupa nzuri kuliko zote, ile ya meza kuu, yenye mkono mweusi. Umeme ulikuwa umekatika. Mimi nilishaondoka. Akaitia siki, akaiacha ilowe mpaka asubuhi, na kizibo chake akakiloweka humo humo kwenye bakuli. Mnajua siki yetu tulikuwa tunaiweka kwenye chupa ya maji ya plastiki. Na mafuta ya taa ya ile chemli ya stoo yalikuwa kwenye chupa ya maji ya plastiki. Yote yanaonekana maji. Sisi wote tulikuwa tunazitofautisha kwa kunusa, wala haikuwahi kutupitia akilini kuweka alama. Nani aweke alama kwenye kitu kinachonuka vile?

Asubuhi mvua ilinyesha, mtaani kwetu kukawa hakupitiki, na wenzetu wa jikoni nao wakachelewa. Nilipofika nimechelewa, viatu mkononi, mkutano umeshaanza na kahawa imeshapelekwa. Niliingia jikoni nikasikia harufu. Nikaenda kwenye karai, nikainua lile bakuli la kizibo. Mafuta ya taa. Chupa alikuwa ameiosha vizuri sana kwa sabuni na maji ya moto, mama wa watu, alivyozoea. Lakini mpira wa kizibo ulishakunywa. Ukifunga kahawa ya moto na mpira ule, imekwisha.

Nilikimbia ukumbini. Nilifika mlangoni mnunuzi ameshaweka kikombe chini.

Hakuwa na hasira. Alisema kwa upole tu kwamba kahawa ina mafuta, anasikia mafuta toka kwenye mvuke. Akawauliza mzigo umesafirishwaje. Mama Nyamizi akasema kwa bodaboda. Akauliza kama kulikuwa na mafuta yoyote karibu. Dereva wa bodaboda iliyobeba ule mfuko alikuwa amekaa nyuma kabisa. Akajibu kwamba alikuwa na dumu la petroli, huko milimani hakuna sheli, lakini alilifunga mbele na mfuko ulikuwa nyuma. Mnunuzi akatikisa kichwa polepole. Akasema kahawa inashika harufu haraka, na kama kikundi hakijui kuitunza njiani, yeye hawezi kuahidi kununua msimu huu.

Mama Nyamizi akamgeukia yule dereva, hakupaza sauti, akamwambia, "Nilikwambia. Nilikwambia kule kule nyumbani." Yule kijana wa watu akaanza kuapa, na kadiri alivyoapa ndivyo wenzake walivyozidi kumtazama vibaya. Mimi naona kabisa, huyu atarudi Mwese na jina baya mpaka kufa kwake. Na wao wote walikuwa wameamini kwamba kosa ni lao. Hakuna aliyeangalia chupa.

Mama Zuhura alikuwa amesimama karibu na meza kuu, na leso yake mkononi. Nilimkonyeza kutoka mlangoni, nikashika pua. Alinielewa papo hapo. Nikamwona anaiangalia ile chupa, halafu anamwangalia dereva, halafu ananiangalia mimi. Nilijua anafikiria nini. Angekaa kimya tu, siku ingepita. Mimi nisingesema, naapa kwa wanangu, nilishaamua pale mlangoni kwamba sisemi. Watu wa Mwese niliwajua jana. Yeye nilikuwa nimemjua maisha.

Akaiinua chupa, akaifungua, akamnyooshea mnunuzi kizibo.

"Nusa hapa, baba," akasema. "Kahawa haina kosa. Chupa nimeiosha mimi, na mimi sisikii harufu."

Mnunuzi akanusa, akarudi nyuma. Alhaji, aliyekuwa amekaa na wageni, akadhani mama anasema habari za siku ile, akamuuliza kama ana mafua. Mama Zuhura akamjibu, "Tangu masika ya mwaka jana, Alhaji. Nilikuwa najifanya." Akaweka kizibo mezani. Kisha akamgeukia yule dereva, mtoto wa kumzaa, akamwomba radhi mbele ya wote, akimwita baba.

Mimi nikapika nyingine. Nilichukua chupa ya kawaida, nikanusa, nikanusa tena, nikachemsha maji, nikatumia ile kahawa iliyobaki kwenye mfuko. Nikaipeleka. Mnunuzi alikunywa kikombe kizima, akaomba kingine, na jioni watu wa Mwese waliondoka wanaimba. Mama Nyamizi kabla ya kupanda bodaboda aliingia jikoni akamkumbatia Mama Zuhura, tope na yote, kanga ikachafuka. Hiyo ndiyo siku pekee niliyoiona kanga ile na doa.

Alhaji hakuwa mtu mbaya. Najua mnasubiri niseme alikuwa mbaya. Alimwita ofisini, wakakaa muda mrefu, akatoka akaniambia amepewa mapumziko. Hatukuulizana mapumziko ya mpaka lini. Wiki iliyofuata Alhaji alinisimamisha mbele ya meza ya chupa, akaniambia kuanzia leo mimi ndiye nitakayenusa. Nililia nikiwa nimeingiza uso kwenye chupa, wao wakadhani nafanya kazi. Nilimchukia Alhaji kwa muda, kisha nikachoka hata kumchukia. Jikoni panataka mtu mwenye pua, hilo ni kweli, na kweli hiyo haikunifariji hata kidogo.

Mama Zuhura alihangaika. Alijaribu maandazi, akaunguza. Akaishia kulima mchicha nyuma ya nyumba, na yule mjukuu mkubwa alikaa nyumbani mwaka mzima kabla hajarudi shule. Watu wa Mwese hawakumsahau. Kila msimu walikuwa wanamletea mfuko wa kahawa, mtu ambaye hawezi kuisikia. Mwanzoni niliona ni kama mzaha mbaya. Yeye aliupokea kwa mikono miwili.

Nilikuwa naenda kwake Ijumaa nikitoka kazini. Nachemsha ile kahawa, namimina, tunakaa kwenye mkeka. Siku ya kwanza alikishika kikombe chini ya pua kwa muda mrefu, macho amefumba, kama alivyokuwa akifanya mezani kwetu. Mimi nikatazama pembeni, nikidhani anajifanya tena, na sasa hakuna hata mtu wa kumdanganya. Akafumbua macho.

"Niambie," akasema.

Nikamwambia inanukia kahawa. Akacheka, mara ya kwanza tangu yale mambo. Akasema miaka yote ile amenifundisha, na hilo ndilo ninaloweza kusema. Akanirudishia kikombe ninuse vizuri. Nikanusa. Nikamwambia kuna karanga zilizokaangwa, zile zinazokaribia kuungua. Akasema endelea. Nikamwambia kuna asali kwa mbali, ile nyeusi ya miombo, na chini kabisa kuna udongo ukipigwa na mvua ya kwanza. Akasema endelea, Mama Doto, usiwe na haraka. Alikunywa yote huku mimi nasema, na alipomaliza alikuwa amelowa uso.

Tulifanya hivyo kila Ijumaa mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua. Kwa hiyo, hiyo chupa yenu, wekeni magadi, toeni mpira, na asubuhi muinuse kabla hamjamimina. Mimi kahawa yangu naichemsha saa hii ya jioni, nakaa hapa barazani peke yangu, naweka pua kwenye kikombe, na naisema yote kwa sauti, karanga, asali, udongo. Wajukuu wangu wanadhani bibi ameanza kuchanganyikiwa. Nawaacha wadhani, mpaka nimalize kusema ndipo nakunywa.